Lindo la saa 12 na kiharusi: yaliyonikuta kwenye usukani

Mkuu, umeuliza kama lindo la saa 12 kwa siku sita, na kuunganisha usiku na mchana mwenzako asipotokea, linaweza kukuletea kiharusi. Umesema pia kisogo kinakuuma ukitoka lindoni. Waliotangulia wamekujibu kwamba kazi haijawahi kuua mtu. Mimi nakuandikia kwa mkono wa kulia peke yake, wa kushoto bado hauchapi.

Nimeendesha daladala Dar miaka 11, mingi nikiwa ruti za Mbagala. Saa 10 alfajiri gari liko barabarani, naegesha saa 4 usiku. Hesabu ya tajiri kwanza, mafuta, konda, kinachobaki ndicho changu. Ukimwachia deiwaka, dereva wa kukushikia kwa muda, nusu siku, umemwachia na unga wa nyumbani. Saa 18 mara siku 6 ni 108. Hesabu hiyo nimekuja kuipiga nikiwa nimelala chali.

Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa utafiti wao mwaka 2021: anayefanya kazi saa 55 na zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 kuliko wa saa 35 hadi 40. Kwa mwaka 2016 pekee walikadiria vifo 398,000 vya kiharusi vilivyotokana na saa hizo ndefu. Usiisome vibaya hiyo 35. Haina maana kwamba walinzi 35 kati ya 100 wataanguka. Kama kwenye kundi la watu 1,000 wangepata 10, kwa saa hizo watakuwa 13 au 14. Ila lindo lako la kawaida ni saa 72 kabla hujaunganisha, kwa hiyo umo humo ndani.

Wataalamu wanasema mwili usiopumzika hukaa kama uko vitani, moyo unakimbia na mishipa inabana. Sawa. Lakini mimi naona saa ndefu zilinimaliza kwa njia ya kizembe zaidi: zilininyima nafasi ya kujua kwamba naumwa. Miaka miwili kabla, wapimaji wa presha walikuja stendi, nikasoma 170 kwa 110. Nikaambiwa niende kliniki. Nilienda mara moja. Foleni ilianza saa 2 asubuhi, nikatoka saa 7 mchana, na siku ile hesabu haikutimia, tajiri akanisema mbele ya konda. Vidonge vya mwezi vilipoisha nilijiona mzima, nikaacha. Presha haina adabu ya kubisha hodi. Nikaendelea na usingizi wa saa nne, chipsi mayai za usiku wa manane zilizojaa chumvi, enaji mbili kwa siku, na kujizuia kunywa maji ili nisitafute choo kwenye foleni.

Ilikuwa Alhamisi, kama saa 3 asubuhi. Nataka kuingiza gia ya tatu, mkono unaparaza juu ya gia kama wa mtu mwingine. Namwita konda, maneno yanatoka kama nimelewa. Akacheka. Mama mmoja aliyekaa mbele akanitazama, akasema, "Dereva, mdomo umekwenda upande, weka gari pembeni."

Nilipelekwa nyumbani badala ya hospitali. Shangazi akasema ni upepo mbaya, nikakandwa kwa maji moto na mafuta. Jirani akaleta kidonge chake cha presha, nikawekewa chini ya ulimi. Kwa nia njema kabisa, na wala siwalaumu, mimi mwenyewe ningemfanyia hivyo hivyo mtu mwingine. Hospitali tulifika saa 11 jioni. Swali la kwanza la daktari: ilianza saa ngapi? Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, tena mpaka picha ya kichwa ionyeshe hakuna mshipa uliopasuka. Mimi mshipa ulikuwa umeziba, na zilishapita saa nane. Kile kidonge cha jirani nacho kilikemewa: kuishusha presha ghafla kunapunguza damu inayokwenda kwenye ubongo ambao tayari umekosa. Aspirini vilevile usimpe mtu kabla ya picha, kama mshipa umepasuka utamzidishia. Chakula na maji pia, maana anaweza kushindwa kumeza vikaingia kwenye mapafu.

Kuhusu mwajiri wako: sheria ya kazi ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na za ziada zisizidi 50 katika wiki nne. Ukigawanya, ni kama saa 57 na nusu kwa wiki. Wewe una mkataba, una pa kushikia. Mimi na tajiri wangu tulipeana mikono tu. Najua ukifungua mdomo peke yako utaambiwa walinzi wako wengi mtaani, kwa hiyo zungumza na wenzako wa zamu kwanza, na kila siku unayounganisha iandike kwenye daftari lako.

Hilo la mkataba linaweza kusubiri wiki. Kisogo kisisubiri, ingawa sisemi kwamba kichwa kuuma ndiyo presha, mimi changu hakikuwahi kuniuma. Kesho ukitoka lindoni usipitilize kulala. Pita zahanati au famasi, kaa dakika tano bila kuongea, usiwe umetoka kunywa kahawa, upimwe presha mara mbili. Wasipokutajia namba zote mbili waambie wakuandikie, halafu ziweke hapa.