Verdicchio: si ya samaki tu

Mkuu, umeuliza kama hiyo chupa ya Verdicchio, mvinyo mweupe, uliyoletewa kutoka Italia ni ya kunywa na samaki tu. Hapana, ingawa samaki ndio wanaoelewana nayo zaidi.

Mvinyo huu unatoka mkoa wa Marche, pwani ya Adriatiki. Una uchachu kama wa limau, na ukishameza unabaki na uchungu kidogo wa lozi ulimini. Huo uchungu usikutishe, mvinyo haujaharibika, ndivyo zabibu yenyewe ilivyo.

Kule Ancona, mji wa mkoa huo, wanaunywa na brodetto, mchuzi wa samaki ambao kwa desturi huingia aina 13, pamoja na nyanya na siki. Mvinyo mwingi mweupe ukikutana na siki unapooza, unakuwa kama maji. Verdicchio unahimili. Ila mimi ninachokipenda zaidi ni zeituni za Ascoli: zeituni kubwa za kijani, zinatolewa kokwa, zinajazwa nyama ya kusaga, zinapakwa yai na chenga za mkate, kisha zinakaangwa. Unatafuna moja ya moto, mafuta yanatanda mdomoni, funda moja linayakata yote. Sungura wa kuoka na shamari naye anafaa.

Soma lebo ujue umetoka wapi. Castelli di Jesi ni vilima vya upande wa bahari. Matelica ni bondeni ndani zaidi, usiku kuna baridi, na mvinyo wake huwa na uchachu zaidi.

Uweke kwenye friji, uutoe dakika kumi kabla ya kula. Na barafu usitie, tafadhali.