Saa ya Kamera na Saa ya Ukutani: Ushauri kwa Wanaomtafuta Aliyetoweka

Jirani yangu wa Kisauni, hapa Mombasa, alipopotelewa na mwanawe, kijana wa miaka 19, sisi watu wa baraza tuliacha bao na siasa, tukageuka wapelelezi. Tulikuwa watu 11, na kila baada ya swala ya isha tulikusanyika kwenye dele la kahawa, simu zikipita mkono kwa mkono na kila mmoja akitoa lake. Mimi nimekula miaka mingi nikiwatolea watu mizigo bandarini Kilindini, kazi ambayo tarehe moja ikikosewa kwenye hati basi kontena halitoki, na kwa sababu hiyo wenzangu walinipa ukarani wa mambo yote. Nayaandika haya kwa kuwa makosa makubwa ya siku zile yalipita kwenye kalamu yangu.

Ushahidi wetu ulikuwa vitu vitatu. Cha kwanza kilikuwa video ya dakika moja kutoka kamera ya duka la vifaa vya ujenzi kule Bombolulu, inayomwonyesha kijana akipanda tuktuk, na pembeni mwa picha pakiwa na tarehe ya Ijumaa na saa 00:12. Cha pili kilikuwa maneno ya mama mmoja anayeuza viazi karai Kongowea, aliyesema alimwona kijana ndani ya tuktuk hiyo hiyo. Cha tatu kilikuwa maelezo ya dereva mwenyewe, ambaye hakukataa kumbeba. Alisema alimchukua Alhamisi baada ya magharibi, akamshusha Mwembe Tayari penye mabasi ya safari, na akalipwa shilingi 300 kwa M-Pesa. Alitufungulia simu yake akatuonyesha ujumbe wenyewe, wa saa 7:41 za jioni.

Tukaona tumemshika. Yeye asema Alhamisi jioni, kamera yasema Ijumaa usiku wa manane! Na yule mama wa viazi alikuwa ametaja saa moja na robo. Kijana aliyechukua maneno yake aliyaandika kwenye simu kwa tarakimu, 1:15, akanitumia, nami ambaye kichwani nilikuwa tayari na ile 00:12 nikaisoma kuwa ni saa saba na robo za usiku. Hesabu ikakaa sawasawa kabisa: alipandishwa saa sita na dakika 12, na zaidi ya saa nzima baadaye bado alikuwa ndani ya chombo, umbali wa mwendo wa dakika chache. Mtu huzungushwa saa nzima kwa nini, kama si kutekwa? Ama ule ujumbe wa M-Pesa, tuliuweka kando kwa sababu kila mtu mjini anajua kwamba ujumbe wa M-Pesa hughushiwa.

Niliandika taarifa ndefu, nikaweka jina la dereva na namba ya tuktuk yake, nikaituma. Kufika Jumamosi alasiri kundi la watu lilikuwa limemfuata kwenye stegi yake. Kioo cha mbele kilivunjwa kwa mawe, naye aliokolewa na mwenyekiti wa stegi aliyemfungia kwenye kibanda cha kukatia tiketi mpaka polisi walipofika.

Aliyetufumbua macho ni fundi wa simu wa Majengo, kijana asiyezidi miaka 25, ambaye nilimpelekea ile video nikitaka aikuze uso wa dereva uonekane vizuri. Aliitazama mara mbili, kisha akaniuliza, "Ami, hiyo saa mumeilinganisha na saa ya ukutani?" Nikamjibu kwamba kamera haidanganyi. Akasema, "Picha haidanganyi, ami. Saa ni ya aliyeiweka." Tukaenda naye dukani. Kwenye ukuta wa duka saa ilikuwa nne na nusu asubuhi, na kwenye mashine ya kamera iliandikwa 15:30. Mashine nyingi za aina hiyo hutengenezwa Uchina na hutoka kiwandani zikiwa na saa za Beijing, ambazo ziko mbele ya zetu kwa saa 5, na asiyejua kuzirekebisha huziacha hivyo hivyo mwaka baada ya mwaka. Toa saa 5 kwenye 00:12 ya Ijumaa, utapata saa moja na dakika 12 jioni ya Alhamisi. Mama wa viazi alisema saa moja na robo akimaanisha saa moja na robo tunayoisema sote, dakika 3 baadaye, na dereva akalipwa dakika 26 baada ya hapo. Hakuna aliyedanganya. Makosa mawili yalitokea kukubaliana, nasi tukayahesabu kuwa mashahidi wawili.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni juu ya saa, na nitakaa hapo kidogo, kwani sijaona jambo linalopotosha upesi kama hilo. Sisi huhesabu saa kwa kuanzia alfajiri na jua kuchwa, simu zetu huhesabu kwa kuanzia usiku wa manane, na mtu mmoja aweza kutumia hesabu zote mbili katika sentensi moja bila kujitambua. Andika kila wakati kwa maneno na kwa tarakimu pamoja, "saa moja na robo jioni, 19:15", kisha umsomee shahidi mwenyewe aseme ndiyo. Muulize pia alijuaje kuwa ni saa hiyo: alitazama simu, alisikia adhana, au alikisia kwa wingi wa wateja? Kwa kamera, simama mbele ya mashine ukiwa na simu yako mkononi, piga picha moja inayoonyesha saa zote mbili, na uandike tofauti yake. Fanya hivyo siku ya kwanza, kwa sababu mashine hizi hufuta picha za zamani zenyewe nafasi inapojaa, na mwenye duka asipoombwa mapema kuzihifadhi zitakuwa zimekwenda.

Usiridhike na video iliyopita simu 10. WhatsApp hubana picha na kuziondolea habari zilizofichwa ndani yake, kama vile wakati na mahali zilipopigwa, na kila mwenye kuituma mbele huongeza maneno yake juu. Faili ya asili ibaki kwa mwenyewe na ipelekwe kwa mpelelezi ikiwa vile vile ilivyo. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 106B, inataka ushahidi wa kielektroniki uambatane na cheti kinachoeleza ulivyotolewa na chombo kilichoutoa, na cheti hicho hawezi kukitia saini mtu aliyepokea video barazani.

Simu nayo ina mitego yake. Ukiambiwa mteja hapatikani, hujaambiwa kuwa simu imezimwa na mtekaji. Betri huisha, mtandao hukosekana, na laini hutolewa. Alama moja ya WhatsApp maana yake ni kwamba ujumbe haujafika, basi. Wako pia wanaozungumza juu ya minara kana kwamba mnara huonyesha mlango wa nyumba. Mnara huhudumia eneo, na katika mji kama huu wetu uliozungukwa na maji, simu iliyo Likoni inaweza kushika mnara wa ng'ambo ya kivuko. Rekodi za mawasiliano huombwa na wapelelezi kwa amri ya mahakama. Mtu atakayekuambia ana ndugu ndani ya kampuni atakayekutolea rekodi hizo kwa elfu tano, ama anakuuzia karatasi ya uongo ama anakuingiza katika kuvunja Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Sikuanza na kituo cha polisi kwa kuwa nilitaka kwanza kukiri langu, lakini kwa familia hapo ndipo mwanzo. Mama wa kijana alipoteza usiku mzima kwa kuwa sisi tulimwambia ni lazima zipite saa 24. Hakuna sheria inayomtaka mtu angoje hivyo. Saa 24 ninazozijua mimi ni zile za Ibara ya 49 ya Katiba ya 2010, inayotaka aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla hazijapita, na hizo ni habari nyingine. Nenda mara moja, hakikisha taarifa imeandikwa kwenye kitabu cha matukio, na usitoke bila namba ya OB. Beba picha ya karibuni, orodha ya nguo alizovaa, namba zake zote za simu, na namba ya utambulisho wa simu yenyewe, ambayo aghalabu huwa kwenye boksi iliyonunuliwa nayo. Aliyetoweka akiwa mtoto, namba 116 hupigwa bure, na kwa DCI, idara ya upelelezi wa jinai, kuna 0800 722 203, nayo ni ya bure. Mwingine azunguke hospitali, akianzia ile kuu ya Makadara, pamoja na mochari, ingawa najua hakuna anayetaka kutumwa huko.

Tangazo letu lilikuwa na kosa lake peke yake. Tuliandika kila kitu, hadi kovu la mkono wa kushoto, na kwenye namba ya simu tukaweka ya mamake. Siku ya pili akapigiwa na mwanamume aliyedai kumshikilia mwanawe, akalitaja kovu lile, akataka 20,000. Mama alikuwa ameshakopa 8,000 alipozuiwa. Weka namba ya mtu wa familia mwenye moyo mgumu, na alama moja ya mwilini msiitangaze, ibaki kwenu na kwa mpelelezi. Atakayepiga na aulizwe hiyo, au aulizwe jambo ambalo ni mhusika tu angeweza kulijibu.

Mambo haya si ya Kisauni peke yake. Baada ya milipuko ya mbio za Boston mwezi Aprili 2013, watu wa mtandaoni walimtaja kuwa mshambuliaji mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Brown aliyekuwa ametoweka tangu Machi, familia yake ikaandamwa kwa matusi huku ikimtafuta, na mwili wake ukapatikana mtoni Providence Aprili hiyo hiyo. Hakuhusika hata kidogo. Huko Lancashire, Uingereza, mwanzoni mwa 2023, wageni waliingia kwenye kijiji kimoja wakipiga video na kuchungulia nyumba za watu, wakimtafuta mtekaji wa mama aliyepotea kando ya mto. Uchunguzi wa kifo ulipokamilika ulisema alizama kwa ajali.

Wala sisemi baraza linyamaze. Mtaa una macho mengi kuliko kituo chochote, na bila yule muuza viazi na yule mwenye duka pasingekuwa na pa kuanzia. Ninalosema ni kwamba mbishane juu ya vitu kabla ya watu. Siku hizi kwenye daftari langu nina safu tatu: jambo lenyewe, aliyelisema na alivyolijua, na wakati wake. Aliyeona simchanganyi na aliyesikia. Ushahidi unaokataa hadithi yetu, kama ule ujumbe wa M-Pesa, ndio huangaliwa kwanza, kwa kuwa taarifa ya akaunti ya kijana ingeumaliza ubishi ule kwa siku moja. Na jina la mtu halina safu. Mwenye kumshuku mtu ampelekee mpelelezi, sikio moja kwa sikio moja. Aliyeshtakiwa, kwa Ibara ya 50, huhesabiwa hana hatia mpaka ithibitishwe, na yule dereva wetu hata kushtakiwa hakushtakiwa.

Pakiwa na sababu ya kushuku kwamba waliomchukua ni maafisa wa dola, jambo ambalo Pwani limeliza mama wengi, njia ni nyingine: wakili aombe Mahakama Kuu amri ya kumleta aliyeshikiliwa mbele ya jaji, haki ambayo Katiba, Ibara ya 25, imekataza isipunguzwe kwa vyovyote. Malalamiko dhidi ya polisi hupelekwa IPOA, mamlaka huru inayowasimamia polisi, na hapa Mombasa yapo mashirika ya haki za binadamu, MUHURI na Haki Africa, ambayo yamezizoea kesi hizi.

Kilichosaidia hatimaye hakikutoka barazani. Mamake kijana alikuwa na daftari la shule aliloandikia namba zote zilizompigia mwanawe wiki ile, na picha ya ujumbe wa mtu aliyemwahidi kazi ya hoteli mbali na hapa. Sisi hatukumwuliza, kwa maana kutekwa tulikokujua ni kwa gari na nguvu. Kifungu cha 256 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu pia kumtoa mtu mahali alipo kwa hila. Alimkabidhi mpelelezi daftari lile mkononi, na siku ya 23 kijana akarudi. Yaliyomkuta ni yake na mamake kuyasimulia.

Dereva alihamia Likoni. Nilivuka kwa feri kwenda kumwomba radhi, nikiwa na mchango wa kioo tulioukusanya, akanikaribisha kiti nje ya nyumba yake. Radhi aliipokea; pesa alizirudisha. Kisha akatoa simu, akatafuta kwa muda, akanipa niishike. Ujumbe wa zile shilingi 300 bado ulikuwapo, wa saa 7:41 za jioni. Aliniambia amekuwa akiogopa kuufuta.