Maswali ya Wasomaji: Jina Langu Halikusomwa Siku ya Mavuno

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mama wa watoto watatu, nimeokoka tangu usichana wangu, na kwa sasa ni mhazini wa kikundi cha wanawake katika usharika wetu. Sikukuu ya Mavuno iliyopita nilitoa mbuzi na magunia mawili ya mahindi kwa ajili ya mnada, lakini katibu aliposoma majina ya waliotoa, langu alilipita. Niliumia mno, na hadi leo simsalimu kama zamani. Nilipojichunguza nikaona kwamba hata sala zangu zote ni za kwangu: kiwanja, ada za watoto, presha yangu. Ni kana kwamba nimemweka Mungu anitumikie mimi. Nifanye nini ili maisha yangu yamzunguke Yeye? Tena, je, niache uhazini mpaka moyo wangu utakapotakasika? — Mama wa Usharika, Dodoma

JIBU: Amina, mama mpendwa. Kuumia kwako nakuelewa, kwa kuwa aliyetoa jasho lake hupenda litambuliwe, na katibu angefanya vyema kuisoma orodha kwa uangalifu zaidi. Hata hivyo, umeona jambo ambalo wengi wetu tuliomo katika huduma hatutaki kuliona: kwamba nafsi haibaki nje ya mlango wa kanisa siku tunapookoka, bali huingia pamoja nasi, hujifunza nyimbo, huvaa joho la kwaya, na huketi kwenye vikao vya kamati. Yule Farisayo wa Luka 18 alifunga mara mbili kwa juma na kutoa zaka katika mapato yake yote, na Bwana Yesu hakusema kwamba alidanganya. Sala yake ilianza kwa kumtaja Mungu, kisha yote yaliyofuata yakawa habari zake mwenyewe na makosa ya wenzake, wala hakuomba chochote, kwa sababu hakuona kwamba amepungukiwa.

Jambo hili liliwasumbua pia waliotutangulia katika nchi zetu. Mwaka 1929, katika kilima cha Namirembe mjini Kampala, daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Gahini nchini Rwanda, alikutana na Mganda Simeoni Nsibambi, wakasoma Maandiko na kuomba pamoja, wote wawili wakiwa na kiu ya kujazwa Roho Mtakatifu. Katika miaka ya 1930 uamsho, yaani kuhuishwa upya kwa imani, ulienea kutoka Gahini hadi Uganda, Burundi, Kagera na Kenya, na linalonigusa zaidi ni kwamba ulianzia kwa watu waliokwisha kubatizwa: wauguzi, walimu, wainjilisti na wamisionari. Hao ndio waliosimama wakaungama wizi, chuki, na dharau waliyokuwa nayo Wazungu na Waafrika wao kwa wao, na wengi wakarudisha walivyoviiba. Waliita hali hiyo kuvunjika, na maisha yaliyofuata wakayaita kutembea nuruni, kwa kufuata 1 Yohana 1:7. Mtu alipomaliza kuungama, ndugu waliimba Tukutendereza Yesu, wimbo wa Kiganda wa kumsifu Bwana kwa damu yake, na naamini palikuwa na hekima kubwa katika desturi hiyo, maana hata kuungama dhambi kunaweza kugeuka jukwaa la kujionyesha, lakini wimbo ule uliyahamisha macho ya wote kutoka kwa mwenye dhambi kwenda kwa Mwokozi.

Basi, mama, usianze kwa kupigana na nafsi yako, kwa kuwa anayeikodolea macho mchana kutwa, hata kama ni kwa kuishutumu, bado anaitazama hiyohiyo. Mtazame Yohana Mbatizaji katika Yohana 3. Wanafunzi wake walimjia wakilalamika kwamba watu wote wanamwendea Yesu, naye akajibu kwamba rafiki wa bwana arusi hufurahi aisikiapo sauti ya bwana arusi, kisha akasema, “Yeye hana budi kuzidi, bali mimi kupungua.” Aliweza kupungua bila uchungu kwa sababu furaha yake ilikuwa kwa mwingine. Siku ile ya Mavuno mbuzi wako alinunuliwa mnadani, fedha ikaingia katika kazi ya Bwana, na jina lake likatukuzwa. Furaha hiyo ilikuwapo pale pale, nawe ulipitwa nayo kwa kuwa ulikuwa ukisubiri kusikia jina lako.

Katika sala, fuata mpangilio wa Baba Yetu. Jina la Mungu, ufalme wake na mapenzi yake vinatangulia, ndipo inafuata riziki. Kaa katika hayo matatu bila haraka kabla hujafika kwenye kiwanja, na ukifika huko, omba kwa uhuru, kwa maana Baba hachoshwi na ada za watoto. Unapowaombea wanao, mtaje pia mtoto wa jirani aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa ada, na kama mkono wako una kitu, mpe mama yake pasipo kutangaza, kama Bwana alivyoagiza katika Mathayo 6.

Lazima niongeze neno hapa, kwa kuwa nimesikia Luka 9:23, pale Yesu anapomtaka anayemfuata ajikane mwenyewe, ikitumiwa vibaya kwa akina mama. Kujikana anakokusema Yesu ni kumkabidhi Yeye kiti cha enzi cha moyo, na hakuna uhusiano wowote na kunyamazia kipigo au kudhulumiwa mirathi. Mume hawezi kukaa katika kiti hicho, wala mchungaji. Paulo asemaye, “wala si mimi tena, bali Kristo yu hai ndani yangu”, ndiye aliyedai haki yake ya uraia wa Kirumi alipokuwa karibu kupigwa mijeledi.

Kuhusu uhazini, usiuache. Ukingoja moyo utakasike kabisa ndipo utumike, utakuwa umerudi kujipima wewe mwenyewe kila asubuhi, na kikundi kitakosa mtu anayejua kutunza vitabu vya fedha. Endelea na kazi, na jumapili ijayo baada ya ibada mfuate katibu, umsalimu kwa mkono kama zamani, umwombe radhi kwa kumnunia. Habari ya orodha si lazima uitaje. Akiitaja yeye mwenyewe, msamehe, kisha mwulize mama yake anaendeleaje, na umsikilize mpaka amalize.