Stenti si ruhusa ya kuwasha sigara

Baba ana miaka 67, ana kisukari. Kidole gumba cha mguu kimekuwa cheusi, tunamkanda kwa maji ya moto na chumvi. Stenti itamsaidia?

Acheni maji ya moto leo hii. Mguu wake una ganzi, ataungua bila kusikia, na ngozi isiyopata damu haiponi. Kidole kilichokwisha kufa hakifufuki. Kinachopiganiwa ni mguu uliobaki: daktari hupenyeza waya, mara nyingi kupitia kinena, akatanua mshipa wa damu ulioziba kwa puto, na ikibidi akaacha humo kibomba cha wavu wa chuma, ndicho stenti, ili mshipa usijifunge tena. Damu ikishuka, huenda kikakatwa kidole peke yake badala ya mguu. Mwaka 1964, huko Portland, Marekani, Dk. Charles Dotter alizibua mshipa wa paja wa bibi wa miaka 82 aliyekataa kukatwa mguu, tena kwa mirija tu, stenti hazijakuwepo. Yule bibi aliutembelea mguu wake mpaka alipofariki, zaidi ya miaka 2 baadaye. Basi kabla ya kusaini fomu ya kukata, ulizeni: mishipa imepimwa? Na kila jioni mkagueni mguu wa pili, unyayo na katikati ya vidole.

Nimewekewa stenti pajani. Sigara moja moja inaruhusiwa?

Hapana. Na shisha hapana. Kila mara naulizwa hili, na jibu halibadiliki. Stenti imefungua kipande kimoja cha mshipa. Moshi unaharibu mishipa yote, ya moyo na ya ubongo ikiwemo. Wala usiache aspirini au klopidogreli, dawa za kuzuia damu isigande, kwa kuwa unajisikia mzima.

Kigimbi kinabana nikitembea, nikisimama kinaacha. Daktari kakataa kuniwekea stenti, anasema nitembee. Ananipuuza?

Hakupuuzi, amekupa tiba ya kwanza. Tembea mpaka kibane, simama kiachie, endelea. Dakika 30 hadi 45, mara 3 kwa wiki, kwa wiki zisizopungua 12. Wengi huongeza umbali bila kuguswa na waya. Stenti ya pajani huziba tena kwa urahisi kuliko ya nyongani, na kuizibua upya ni kazi ngumu. Ukikuta mtu anakuharakishia stenti kabla hata hajalinganisha presha ya kifundo cha mguu na ya mkono, ondoka.

Kitunguu saumu na ndimu vinazibua mshipa?

Havizibui. Weka kwenye mchuzi.

Nikisujudu stenti itavunjika?

Inategemea ilipo. Ya nyongani, sujudu bila wasiwasi. Nyuma ya goti ndipo hukunjwa kila mara, chuma huweza kubonyea hata kukatika, ndiyo maana madaktari hukwepa kuiweka hapo wakiweza. Kama yako iko hapo, muulize aliyeiweka; mgonjwa ana ruhusa ya kuswali amekaa kitini. Na usitoke wodini bila kuandikiwa stenti imewekwa wapi.

Mguu wa mama umepoa ghafla, umekuwa mweupe na hausikii. Kliniki ni Jumatatu, tusubiri?

Msisubiri hata asubuhi. Mshipa ukiziba ghafla, misuli huanza kufa ndani ya saa 6 hivi. Msiuchue, msiupashe moto, msiuinue juu ya mto. Nendeni kitengo cha dharura, semeni mguu umepoa ghafla, na msikubali kupangwa foleni ya kawaida.