Kompyuta ya Zamani, Mtandao wa Leo: Maswali Yenu

Kompyuta ya stesheneri yetu ni ya Windows 7. Kila asubuhi tukifungua tovuti inatuambia muunganisho si salama. Tumeshapiga Windows upya, kesho yake yaleyale.

Acheni kupiga Windows. Angalieni saa, pale chini kulia. Ikiwa inasomeka 2009, mmeshapata jibu. Cheti cha usalama cha tovuti kina siku ya kuanza na siku ya kwisha, na mashine inayojidhania iko 2009 huona vyeti vyote havijaanza kazi. Mkizima umeme ukutani usiku, saa hutunzwa na betri ya CR2032 iliyoko kwenye mazabodi, ile bapa ya duara. Yenu imekufa. Chomoeni waya wa umeme, fungueni kava, wekeni mpya, upande wenye alama ya + ukae juu, kisha rekebisheni tarehe.

Saa ikiwa sahihi na lawama zikaendelea, basi Windows imebaki na vyeti vikuu vilivyochakaa, vile inavyotumia kuhakiki vyeti vya tovuti. Kimoja kilichotegemewa na tovuti nyingi kiliisha 30 Septemba 2021. Jaribuni Firefox, maana hubeba vyeti vyake yenyewe. Chrome kwa Windows 7 iliishia toleo la 109, msiisubiri.

Mashine ya Windows XP yenye programu ya mahesabu haifungui folda iliyoshirikishwa kwenye kompyuta ya Windows 10. Fundi anataka kuwasha SMB 1, ile njia ya zamani ya kushirikisha faili kwenye mtandao. Tumruhusu?

Mzuieni. Kwa kushirikisha folda, XP inajua SMB 1 tu, na ni kweli ikiwashwa folda itafunguka. Lakini kirusi cha WannaCry, Mei 2017, kilisambaa kwa kasoro ya SMB 1 hiyohiyo na kukwamisha hospitali za Uingereza. Itoeni XP kwenye mtandao kabisa, ibaki na mahesabu yake, faili zihame kwa flashi inayoskaniwa kila mara kwenye Windows 10. Ni usumbufu, lakini kuuangalia mwaka mzima wa hesabu umefungwa na kirusi ni usumbufu zaidi.

Programu ya barua pepe ya Thunderbird inakataa neno la siri la Gmail, ila kwenye simu linakubali.

Neno lako ni zima. Google haipokei tena neno la siri tupu kutoka programu za barua pepe. Fungua mipangilio ya akaunti, sehemu ya seva, na kwenye njia ya uthibitisho chagua OAuth2, yaani kuingia kupitia ukurasa wa Google yenyewe. Fanya hivyohivyo kwa seva ya kutuma. Wengi huisahau, wakapokea barua bila kuweza kujibu.

Bando la modemu linakwisha kabla ya saa sita mchana na hatujafungua chochote. Ni Windows 10.

Ni masasisho yanayojishusha kimyakimya. Nendeni Settings, sehemu ya Network, wekeni modemu hiyo kuwa "metered connection", yaani muunganisho unaolipiwa kwa kipimo. Halafu zimeni Delivery Optimization, isije ikawa bando lenu linawapelekea wengine masasisho.