Kubadilisha oili ya giaboksi ya CVT kwenye X-Trail T31

Mkuu, umeuliza kama shilingi 350,000 ni halali kubadilisha oili ya CVT (giaboksi ya otomatiki inayotumia mkanda na puli badala ya gia) kwenye Nissan X-Trail yako. Kabla ya kulipa, muulize fundi anaweka lita ngapi na oili gani. Giaboksi hiyo inataka NS-2, oili ya Nissan ya CVT. Ukiwekewa haidroliki ya kawaida (oili ya giaboksi nyingine za otomatiki), mkanda wa chuma utateleza kwenye puli na hapo utatafuta giaboksi nzima.

Ukifungua nati ya chini zinatoka kama lita 4 tu, nyingine zinabaki ndani. Mimi nilinunua kopo la lita 4 Kariakoo kwa 140,000, fundi nikampa 30,000. Kwa hiyo kama bei yako ni ya makopo mawili, filta na gasketi ya sampo (bakuli la oili chini ya giaboksi), sioni kama umeonewa. Kama ni kopo moja, hapana, kataa.

Sampo ikifunguliwa, simama hapo hapo uangalie sumaku zilizo ndani yake. Tope jeusi laini ni la kawaida. Ukikuta vipande vya chuma, usimwage hela kwenye oili kwanza, giaboksi ipimwe. Na kopo lifunguliwe mbele yako, tafadhali, oili feki zipo nyingi.