Mama ametapeliwa akiba yake, na kaka anataka kumnyang'anya simu

Shikamoo Shangazi. Mama yangu ana miaka 76, ni mwalimu mstaafu wa hisabati, na anaishi peke yake tangu baba alipofariki. Miezi miwili iliyopita skrini ya kompyuta yake ilijaa onyo jekundu lililosema kwamba kompyuta imeingiwa na virusi, pamoja na namba ya kupiga ili asaidiwe. Alipiga. Kijana aliyempokea, mpole kupita kiasi, alimwelekeza kupakua programu ya kumwezesha kuiendesha kompyuta hiyo akiwa mbali, kisha akamwambia kuwa wezi wamo ndani ya akaunti yake, kwamba baadhi ya wafanyakazi wa benki wanashirikiana nao, na kwamba asimweleze mtu yeyote hadi fedha zihamishiwe mahali salama. Sehemu kubwa ya akiba yake imekwenda. Tuligundua juzi, nilipoona karatasi za benki mezani kwake. Kaka yangu mkubwa alimfokea, na sasa anataka tumnyang'anye simu na kompyuta na tusimamie fedha zake sisi wenyewe. Mama anatujibu kwa mkato. Wakati huohuo, mtu anayejiita mwanasheria anampigia na kudai kwamba atamrudishia fedha zote iwapo atalipa ada kidogo kwanza, na mama anaelekea kukubali. Nifanye nini?
Mtoto wa Pili

Marahaba, mwanangu. Nitaanza na huyo mwanasheria, kwa sababu mengine yanaweza kungoja hadi kesho lakini la kwake haliwezi. Mtu anayempigia simu aliyeibiwa, bila kutafutwa, akiahidi kurudisha fedha kwa malipo ya awali, ni tapeli, na sioni haja ya kulisema hilo kwa kuzungukazunguka. Orodha za watu waliokwisha kutapeliwa huuzwa na kubadilishanwa miongoni mwa wahalifu, kwa kuwa aliyelipa mara moja ndiye wanayemtarajia kulipa tena, na mara nyingine anayepiga safari ya pili ni mwenzake yule wa kwanza. Ndiyo maana anakijua kiasi kilichopotea na siku kilipopotea, na kujua kwake huko ndiko kunakomfanya mama yako amwamini. Mweleze kwamba mtu huyo anayajua hayo kwa sababu ameyapata kutoka kwa walioiba, na kwamba si polisi wala benki wanaompigia mtu simu kumtoza ada ili wamrudishie mali yake.

Leo hiihii, ukiwa pamoja na mama na si badala yake, pigeni simu benki kwa namba iliyochapishwa nyuma ya kadi yake, au nendeni tawini, muombe kuonana na wanaoshughulikia udanganyifu. Sitakudanganya: baada ya miezi miwili, uwezekano wa kuzipata fedha zilizotumwa ni mdogo, maana matapeli huzihamisha kutoka akaunti moja hadi nyingine ndani ya saa chache. Hata hivyo taarifa itolewe, benki na polisi, kwa maandishi, kwa sababu sheria za fidia hutofautiana sana kati ya nchi na nchi. Uingereza, kwa mfano, tangu Oktoba 2024 imezitaka benki kuwarudishia wengi wa wanaodanganywa kutuma fedha ndani ya nchi hiyo, hadi kikomo cha pauni 85,000, ilhali kwingineko anayetuma kwa mkono wake mwenyewe huambiwa kwamba aliidhinisha muamala. Ulizeni sheria ya kwenu inasemaje kabla ya kukata tamaa.

Kompyuta itolewe kwenye intaneti mpaka fundi mnayemwamini aikague. Programu za kuendesha kompyuta kutoka mbali, kama AnyDesk na TeamViewer, ni za halali, mafundi wa kweli huzitumia kila siku, na ndiyo maana programu za kuzuia virusi aghalabu hazizitilii shaka. Lakini programu hiyo ikiachwa humo, na ikiwa kijana yule aliiwekea ruhusa ya kuingia wakati wowote, mlango bado uko wazi. Nywila zote zibadilishwe kwa kutumia kifaa kingine, mkianza na ya barua pepe, kwa kuwa anayeishika barua pepe ya mtu anaweza kuzibadilisha nyingine zote. Mwonyeshe mama pia kwamba lile onyo jekundu lilikuwa ukurasa wa tovuti tu, uliotengenezwa ufanane na tahadhari ya kompyuta. Kampuni ya Microsoft imekwisha kueleza wazi kwamba maonyo yake ya kweli hayawi na namba ya simu ya kupiga. Likitokea tena, azime kompyuta kwa kukibonyeza kitufe cha kuwashia bila kukiachia, kwa kawaida hakuna kitakachoharibika.

Hayo ndiyo mepesi. Lililo gumu ni kwamba mama yako alikaa miezi miwili na jambo hili peke yake, nyumbani mwake, akiwa na watoto wanaompenda na wenye simu, na hakumwambia hata mmoja wenu. Nakuomba ulitafakari hilo kuliko fedha zenyewe. Kijana yule alipomwambia asimweleze mtu, na kwamba hata benki imo katika njama, hakuwa akibahatisha. Alikuwa akisoma maneno yaliyopangwa na kujaribiwa kwa watu wengi kabla yake. Karibu kila utapeli wa simu hujengwa kwa hofu, haraka na siri, na kati ya hayo siri ndiyo inayobeba uzito wote, kwa sababu hofu hupungua mtu anapozungumza na mwenzake, na haraka huonekana upuuzi inaposimuliwa kwa sauti mbele ya mtu mwingine. Aliyekatazwa kusema hukosa nafasi hiyo. Baadaye, anapogundua alivyofanyiwa, aibu huchukua zamu na kumnyamazisha, na tapeli hahitaji tena hata kumkumbusha.

Kwa hiyo kaka yako alipofoka, pasipo kukusudia, aliithibitisha hofu ambayo tapeli aliitegemea. Mama amejifunza kwamba akisema ataaibishwa. Safari nyingine atawaficha ninyi kabla ya kumficha mwingine yeyote, na dalili yake unaiona tayari, kwa kuwa anawajibu ninyi kwa mkato lakini anamsikiliza huyo mwanasheria, ambaye bila shaka hamfokei.

Wala msidhani kwamba ametapeliwa kwa kuwa akili imechakaa. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, liliripoti kwamba katika mwaka 2023 watu wenye umri wa miaka 60 na zaidi walitoa taarifa za kupoteza zaidi ya dola bilioni 3.4 kwa ulaghai wa aina mbalimbali, na hizo ni za walioripoti tu. Miongoni mwa wahanga wa utapeli huu wamo madaktari, wahasibu na hata wafanyakazi wa benki. Mwalimu wa hisabati aliyezoea kufuata maelekezo kwa utaratibu, na kuheshimu anayejitambulisha kwa cheo, alikuwa na sifa njema ambazo mtu mwovu alizigeuza kuwa ngazi.

Nenda kwake peke yako, bila kaka. Usimuulize aliwezaje kuamini, kwa sababu swali hilo halina jibu isipokuwa kujidhalilisha. Muulize walianza kwa kumwambia nini, kisha nini, umwache asimulie hadi mwisho bila kumkatiza, hata atakapofika pale unapotamani kupiga kelele. Mwambie kwamba waliomfanyia hivi ni wahalifu ambao hiyo ndiyo kazi yao ya kila siku. Akilia, alie. Akikana sehemu fulani, usimbane. Ataifikia mwenyewe siku nyingine. Tena mwombe akusaidie kuwaonya marafiki zake wa rika lake, kwa maana mwenye kuwaeleza wenzake jinsi mtego ulivyotegwa hubaki kuwa mwalimu, na hilo litamponya kuliko pole zetu zote.

Kuhusu kumnyang'anya simu, jibu langu ni hapana. Simu hiyo ndiyo inayomkutanisha na daktari, marafiki na wajukuu, na ukiiondoa utauongeza upweke uleule uliofanya sauti ya kijana mpole iwe tamu masikioni. Na fedha ni zake. Mtu mzima mwenye akili timamu hanyang'anywi mali yake na watoto wake kwa sababu aliibiwa; anayefanya hivyo, hata kwa nia njema, amemnyang'anya mara ya pili. Ningefikiri tofauti kama ungeniandikia kwamba anasahau aliyosema asubuhi, anarudia maswali yaleyale au anaacha bili zisizolipwa ilhali hakuwa hivyo zamani. Hapo mpelekeni kwa daktari, na mkaonane na mwanasheria mliyemtafuta wenyewe kuhusu idhini ya kisheria ya kumsimamia, wakati bado anaweza kumchagua mwenyewe atakayempa.

Yapo mambo ambayo mnaweza kuyapanga naye akiwa mezani na mwenye kauli ya mwisho. Akiba ikae katika akaunti isiyounganishwa na simu wala kompyuta, au inayohitaji sahihi mbili, na fedha za matumizi ya kawaida zikae katika akaunti nyingine, ili hata akikosea asipoteze zaidi ya hizo. Benki nyingi zinaweza kuweka kikomo cha kiasi cha kutuma kwa siku, na nyingine humtumia ndugu aliyeteuliwa ujumbe kila muamala mkubwa unapofanyika. Simu inaweza kupangwa ili namba asizozifahamu zisilie. Msitegemee namba inayoonekana kwenye kioo, maana inaweza kughushiwa ionekane ya benki. Na siku hizi hata sauti ya mjukuu anayelia kwamba amekamatwa inaweza kuigizwa na kompyuta kutokana na kipande kifupi tu cha sauti yake halisi. Kubalianeni neno la siri la familia, ambalo anayeomba fedha kwa dharura lazima alitaje.

Kama angekumbuka kanuni moja tu, ningechagua hii: yeyote anayempigia, awe benki, polisi au mimi Shangazi, akate simu kwa adabu, kisha apige mwenyewe kwa namba aliyokuwa nayo tangu zamani. Akitumia simu ya mezani, asubiri kwanza au atumie nyingine, kwa sababu katika baadhi ya mitandao tapeli asipokata kwa upande wake laini hubaki wazi, na mama atadhani anaongea na benki kumbe ni yuleyule. Namba ya uthibitisho inayokuja kwa ujumbe mfupi haisomewi mtu yeyote. Na anayetaka alipwe kwa kadi za zawadi hatoki katika ofisi yoyote ya serikali duniani.

Nawe mpigie mara kwa mara bila sababu. Usimpigie ili kumkagua, maana atalitambua hilo kabla hujamaliza salamu. Mpigie mzungumze mambo mengine, ili siku atakapokuwa na la kukueleza asihitaji kutafuta pa kuanzia.

Kaka yako usimsahau. Hasira yake ni ya mtu aliyeumia kwa kuibiwa kwa mama yake, naye anahitaji kazi ya kuifanyia. Mpe taarifa ya polisi, barua za benki na ufuatiliaji wa malalamiko, kwa kuwa huko atakutana na watu wa kusukumana nao kwa haki kabisa. Lakini kabla hajaanza, aende akamwombe mama radhi kwa kumfokea, bila kuongeza neno "lakini".